Kumvuta Mtu Mguu

Makazi yetu ya Mishamo, Tanzania, yalianzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, na nyumba nyingi bado zinaongea Kirundi. Mtoto huzoea Kiswahili shule ya msingi, na akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Hiyo ni lugha ya tatu, tena yenye mafumbo yake.

Anakuta kitabuni kwamba fulani "amemvuta mwenzake mguu". Hakuna aliyeshikwa mguu: huyo ametaniwa. Bwana harusi "amepata miguu baridi", yaani ameingiwa na woga dakika za mwisho. Mwigizaji anayepanda jukwaani akiambiwa "vunja mguu", anatakiwa heri.

Nasi katika Kiswahili tunayo mafumbo kama hayo. Mkono wa birika ni mchoyo, mkono mrefu ni mwizi.

Basi mwanafunzi, soma sentensi nzima kwanza, kisha andika daftarini msemo, maana yake, na msemo wetu unaokaribiana nao. Walimu wetu, tunawaomba: mtoto akitafsiri neno kwa neno, msimcheke. Mwelekezeni.