Ndege ya Kivita ya Kazi Nyingi: Uwezo Wake na Gharama Zake

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali, Kasumulu, Wilaya ya Kyela)



Nilipoalikwa kuja kuzungumza nanyi niliachiwa hiari ya kuchagua somo. Nimechagua swali ambalo nililisikia katika mwambao huu mwaka 2012, wakati mzozo wa mpaka wa Ziwa Nyasa ulipopamba moto baada ya jirani zetu wa Malawi kuruhusu mafuta yatafutwe ziwani. Wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Vijiweni watu walisema: "Waganda wamenunua Sukhoi. Sisi tunangoja nini?" Sitaficha kwamba mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliosema hivyo, tena kwa sauti kubwa. Leo nataka tulitazame swali lile kwa utulivu, maana wengi walioliuliza hawakujua hasa ni chombo gani walichokuwa wakikidai.

Ni kweli Uganda ilinunua. Iliagiza kutoka Urusi ndege sita za aina ya Su-30MK2, zikafika Entebbe kati ya mwaka 2011 na 2012. Pamoja na zana nyingine zilizoambatana nazo, bei iliyotangazwa ilikuwa kiasi cha dola za Marekani milioni 740. Fedha zilichotwa katika akiba ya Benki Kuu ya nchi hiyo, na Bunge likaombwa kuidhinisha baada ya fedha kwisha kutoka. Jambo hilo lilizusha mjadala mkali huko Kampala, na si ajabu.

Zamani kila kazi ya vita vya angani ilikuwa na ndege yake. Ilikuwepo ya kupambana na ndege nyingine, ya kudondosha mabomu, ya kusaidia askari wa miguu na ya kupiga picha. Ndege ya kazi nyingi ni ile inayojaribu kubeba majukumu hayo yote katika kiwiliwili kimoja. Nasema inajaribu, kwa sababu kazi hizo zinagombana. Anayetaka mwendo mkubwa hupenda bawa dogo, na anayetaka kugeuka upesi hupenda bawa pana. Anayetaka kwenda mbali hujaza mafuta, na anayetaka kupiga sana hujaza mabomu, hali uzito wote unainuliwa na injini zile zile. Kwa hiyo kila ndege ya namna hii ni mapatano baina ya matakwa yanayopingana, na ubora wake hupimwa kwa jinsi mapatano hayo yalivyofikiwa.

Hiyo Su-30MK2 ilijengwa katika mji wa Komsomolsk, mashariki ya mbali ya Urusi. Urefu wake ni karibu mita 22, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni karibu mita 15. Ina viti viwili: rubani huendesha, na mwenzake wa nyuma hushughulika na rada na silaha, kwa kuwa kazi hizo mbili zimezidi uwezo wa kichwa kimoja. Injini zake ni mbili, na kila moja hutoa msukumo wa tani 12 na nusu inapofunguliwa yote. Huko juu angani inaweza kufikia mwendo unaokaribia mara mbili ya mwendo wa sauti. Hubeba hadi tani 8 za mabomu na makombora, yaliyoning'inizwa mahali 12 chini ya mabawa na tumbo. Ina pia mzinga wa milimita 30 wenye risasi 150, ambazo huisha kwa sekunde kama sita hivi za kufyatua.

Lililo kubwa zaidi katika usanifu wake halionekani kwa macho. Ninyi mliokulia ufukweni mnajua kwamba mtumbwi mpana hutulia majini lakini ni mzito kugeuza. Ule mwembamba hugeuka kwa pigo moja la kasia, ila mzembe akikaa vibaya humpindua. Wasanifu wa ndege za leo wamechagua kwa makusudi ule mwembamba. F-16 ya Marekani, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1974, na baadaye Su-27, ambayo ndiyo mama wa hii Su-30, zimeundwa ili zisitulie zenyewe. Rubani hawezi kuzituliza kwa mkono wake. Akisukuma usukani anapeleka ombi tu kwa njia ya nyaya za umeme, na kompyuta, inayosahihisha mlalo wa ndege mara nyingi katika kila sekunde, ndiyo inayoamua bawa litikisike kiasi gani. Na ombi lenyewe lina gharama mwilini. Katika kona kali kabisa rubani mwenye kilo 70 huubeba mwili wake kana kwamba una kilo 630. Hayo ni magunia sita ya mchele wa Kyela ya kilo mia, na mengine zaidi.

Usanifu huo haukupatikana kwa siku moja. Su-27 ya majaribio iliruka mwezi Mei 1977, wataalamu wakaona kwamba haitaishinda F-15 ya Wamarekani, wakaichora upya karibu yote. Ile mpya iliruka mwaka 1981. Taifa kubwa lenye viwanda na vyuo vyake lilikubali kupoteza miaka minne kuliko kujenga kitu kibovu.

Sasa tuje kwenye mafuta, jambo ambalo watu wa Kasumulu wanaweza kulipima kuliko watu wa mahali pengine. Matangi ya ndege hiyo huchukua kiasi cha tani 9 na nusu, yaani karibu lita 12,000. Yatazameni malori ya mafuta yanayopanga foleni hapa kuvuka Songwe kwenda Malawi: lori moja kubwa lingeijaza ndege moja mara tatu tu. Kwa shehena hiyo inaweza kwenda kilomita 3,000 ikiruka taratibu, juu, bila mzigo mkubwa. Lakini rubani akifungua injini zote kwa nguvu yake yote karibu na ardhi, mafuta hayo hayatapita robo saa. Na hayo ni mafuta peke yake. Injini zina saa zake zilizohesabiwa, na zikitimia lazima zifunguliwe na mafundi wenye vyombo maalum, kama hawapo hapa, basi huko zilikotoka. Mara nyingi ndege inayosifiwa katika gwaride ni ndege inayosubiri kipuri.

Kenya imetufundisha jambo katika hili. Ilipoingia Somalia mwezi Oktoba 2011 ilitumia F-5 za Kimarekani, ambazo ukoo wake uliruka kwanza mwaka 1959. Hazikuwa mpya hata kidogo. Lakini Wakenya walikuwa nazo tangu miaka ya 1970 na mafundi wao walizijua.

Ndugu zangu, ndege ikiwa chini ni mawindo. Usiku wa tarehe 3 kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israeli waliteketeza MiG za Idi Amin zikiwa zimeegeshwa Entebbe, bila kurushiana nazo hata risasi moja angani. Ziwani kwetu jambo la namna hiyo lilitokea zamani zaidi. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen iliivamia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann pale Sphinxhaven, ambapo leo panaitwa Liuli. Meli ya Wajerumani ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa, na nahodha wake alikuwa hajapata hata habari kwamba vita vimeanza. Chombo chake hakikuwa kibovu. Kilichokosekana ni habari.

Na hapa ndipo ninapoona udhaifu mkubwa wa chombo hiki chenye sifa nyingi. Katika vita vya Kagera mwaka 1978 wapigaji wetu wa mizinga ya kutungulia ndege waliziangusha ndege zetu wenyewe, wakidhani ni za nduli. Mwezi Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22, yenye mwendo unaopita wa sauti, ilikuja kuipiga Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, katika hifadhi ya wanyama, na waliokufa walikuwa swala. Ni kweli rada za leo ni bora mara nyingi kuliko za wakati ule. Lakini rada hujua kitu kiko umbali gani na kinakwenda kwa kasi gani. Kukitambua ni cha nani kunahitaji mitambo ya ardhini, mawasiliano, na watu waliozoea kuambiana.

Ziwa letu, mahali palipo papana kabisa, ni kama kilomita 75. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa ndege hulivuka kwa dakika tano, na hadi katikati, kwenye mstari tunaousema sisi kuwa ndio mpaka, ni dakika mbili na nusu. Katika muda huo rubani aone, atambue, aombe amri, aijibu. Na atamwona nani? Malawi haina ndege ya kivita ya aina hii. Atakaowaona ni wavuvi wa dagaa na karabai zao. Taa iliyotoka Itungi na taa iliyotoka Karonga zina mwanga mmoja, na wenyewe mara nyingi ni watu wa ukoo mmoja waliotenganishwa na mto Songwe, ambao nao hauishi kuhama na kuacha mashamba ya watu upande usio wao.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo kwa nini hatukununua Sukhoi kwa ajili ya Ziwa Nyasa, nitamjibu kwamba kwa kazi ya hapa ningetaka kwanza boti ya doria yenye redio nzuri, na askari anayesema Kinyakyusa na Kichewa. Kuhusu ulinzi wa anga ya nchi nzima, hilo ni suala jingine, na wapo waliokabidhiwa. Ila watakaozitunza ndege hizo, za aina yoyote zitakazokuwa, hivi sasa wako kidato cha pili, nanyi walimu mnajua ni shule ngapi kati ya zenu zina mwalimu wa fizikia.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Naona mwalimu wa kule nyuma ameshanyoosha mkono.