Baridi ya Njombe Haipigiwi Simu

Msikilizaji, mvua ikishakata mwezi wa 5, anga la Njombe hutakata mpaka wageni hulipiga picha. Mimi hulitazama kwa wasiwasi. Wingu ndilo blanketi la shamba. Likiondoka, joto ambalo udongo umelikusanya mchana kutwa hupaa usiku, na upepo ukitulia, alfajiri unakuta majani yamepakwa unga mweupe. Hiyo ni jalidi. Kufikia saa nne, mparachichi mchanga unaonekana kama umepitiwa na moto.

Nasema na wenzangu wa ekari moja au mbili, wenye mshahara kwingine na kuku 70 huku. Wakulima wa simu, tusifichane. Maandalizi yetu ya baridi huwa ni kununua sweta.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanda miche 30 ya parachichi bondeni, jirani na bustani za vinyungu, nikijisifu kwamba sitahangaika na maji. Mitano iliyobaki kijana wa shamba aliichomeka huko juu, kando ya njia, ili isitupwe. Mwezi wa 7 ile 30 iliungua yote. Mitano ya juu haikuguswa. Mzee jirani akaniambia, “Mwanangu, ulipanda kitandani kwa baridi.” Hewa baridi ni nzito, hushuka mteremko kama maji na kutuama chini.

Siku hizi nipo mteremkoni, na bado kila mche naufunika nyasi jioni, asubuhi naufunua. Urea naiacha mapema, maana chipukizi laini ndilo huungua kwanza. Ardhi naimwagilia mchana, kwa kuwa udongo wenye maji hutunza joto kuliko mkavu. Tawi likiungua silikati mpaka baridi ipite. Lililokufa linalikinga lililo hai.

Kwa kuku, maranda si tatizo katika mji wa mbao kama huu. Namwaga tabaka nene, nafunga turubai pembeni, juu naacha upenyo. Jiko la mkaa ndani ya banda lililozibwa kabisa huua vifaranga, na huweza kumuua anayewalinda.

Anayewalinda. Hapo nina neno. Vifaranga tumewanunulia taa, maranda na turubai. Kijana wa shamba analala chumba ambacho bati na ukuta havijakutana, halafu tunataka saa kumi alfajiri atoke akakague joto la banda. Saa moja simu inaita: “Wamekufa wangapi?” Sijawahi kusikia mwenye shamba akianza kwa kuuliza, “Umelalaje?” Mimi mwenyewe sikuuliza kwa miaka miwili.

Jumamosi napanda kwenda shambani na mifuko miwili ya saruji na blanketi zito. Banda nilikuwa nimeliahidi sakafu mpya. Litasubiri, lina turubai tayari.