Mzigo unaokaa mahali pamoja

Andiko: Kutoka 18:13-23



Watu wa Walikale wanaijua Kilambo, ndege zilivyokuwa zinatua juu ya barabara kupakia kasiteriti ya Bisie. Huko Antaktika, kusini kabisa mwa dunia, kwenye kituo cha Wamarekani kiitwacho McMurdo, ndege za kupita tani 100 zimetua juu ya bahari yenyewe. Maji yameganda kwa baridi, unene kama mita 2, na chini ni bahari.

Barafu hiyo inaelea. Ikikanyagwa inapinda, na maji ya chini yanaisukuma juu. Lakini ndege ikisimama muda mrefu, barafu inazidi kudidimia polepole, hata kama hakuna kilo moja iliyoongezwa. Wafanyakazi walikuwa wanapima, na ikipita kipimo waliisogeza ndege. Ikiachwa, ufa unaanzia upande wa chini, pasipoonekana.

Masisi na Walikale, jamaa nyingi zimepokea wakimbizi wa vita. Siku ya kwanza kanisa lote linakuja, huyu na unga, yule na blanketi. Tunaimba, tunaomba, tunarudi kwetu. Wageni wanabaki katika nyumba ya vyumba viwili, mwezi wa kwanza mpaka wa sita. Tunasema, "Wale wamekwisha zoea." Nani alituambia? Watu ni wale wale, shamba la muhogo ni lile lile, na mama wa nyumba anadidimia. Hutamsikia akilia. Atakosa maombi ya Jumatano, kisha utakuta wenyeji na wageni wanapika kwenye sufuria mbalimbali.

Yethro alipomwona Musa ameketi na watu tangu asubuhi hadi jioni, hakusema mkwe wake amepungukiwa imani. (Kuna wazee ambao mtu akichoka wanamwambia afunge siku tatu!) Alimwonya kwamba atachoka yeye na watu pia, akataka wawekwe viongozi wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Mashauri hayakupungua, yaligawanywa.

Basi mashemasi, piteni katika nyumba hizo kabla mtu hajalalamika. Msiulize, "Mnaendeleaje?" Watajibu, "Tunamshukuru Mungu." Hesabuni mikeka na sufuria. Watoto wawili walale kwa jirani mwezi huu, mwezi ujao kwa mwingine, wazazi wao wakikubali. Mgeni asihamishwe kama gunia. Mwenye kipande cha shamba kisicholimwa awape wageni wapande maharagi.

Aliye na chumba kitupu amwambie shemasi wake kabla ya Jumapili.