Kabla ya Kununua Mche wa Plamu, Uulize Kwao ni Wapi

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakulima waliokusanyika siku ya kugawa miche ya matunda. Tumeyachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Mimi si mtaalamu wa kilimo. Kazi yangu ni kuandika na kusambaza habari za kaunti. Wataalamu wako papa hapa, na nikiteleza watanirekebisha. Nimeombwa niseme machache kuhusu plamu kwa sababu kuna swali ambalo huletwa ofisini kwetu mara kwa mara: "Mplamu wangu una majani mazuri, mbona hauzai?"

Swali hilo nalijua tangu utotoni. Mama yangu aliuza kuku wanne, akanunua miche sita ya plamu kwa mchuuzi kando ya barabara. Nyumbani kwetu ni sehemu za chini, kule kwenye joto, mahindi na maembe. Miche ilishika, ikakua, ikatupa kivuli. Tulingoja mwaka wa tatu, wa nne, hadi wa sita. Hatukuonja hata plamu moja. Mwishowe mama alichukua panga, na miti ile tukaipikia githeri. Yule mchuuzi hakutuuzia mti bandia, kwa maana ulikuwa mplamu kweli. Shida ni kwamba hakuna mtu nyumbani aliyeuliza mti huo kwao ni wapi.

Basi leo tuulize. Katika ukoo wa plamu kuna mti mmoja wa zamani ambao tunaweza kuuita mplamu-cheri, kwa kuwa tunda lake ni plamu ndogo inayokaribia cheri kwa ukubwa. Wanasayansi huuita Prunus cerasifera. Kwao ni kusini-mashariki mwa Ulaya, Uturuki, milima ya Kaukazi, Irani na sehemu za Asia ya Kati. Huko humea wenyewe kwenye vichaka, miteremko na kando za misitu. Majira ya baridi yakiisha, huwa miongoni mwa miti ya kwanza kuchanua, maua meupe yakitangulia au kuja pamoja na majani. Matunda yake huwa ya manjano au mekundu. Watu wa Georgia huyapika wakatengeneza mchuzi mkali uitwao tkemali, ambao huliwa na nyama.

Mtauliza, hayo ya Georgia yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni undugu. Wengi wenu mnaijua plamu iitwayo Methley, ambayo hupandwa katika nyanda zetu za juu. Aina hiyo ilitoka Afrika Kusini, na wataalamu wa matunda huihesabu kuwa chotara wa plamu ya Kijapani na mplamu-cheri. Kwa hiyo anayevuna Methley huku kwetu anavuna pia sehemu ya urithi wa mti ule wa Kaukazi.

Ya pili ni baridi. Miti ya ukoo huu ilizoea nchi zenye majira ya baridi kali. Baridi ikija, mti hudondosha majani na kulala. Ndani ya macho yake ni kama kuna saa inayohesabu muda wa baridi, hasa ile ya chini ya nyuzi 7 hivi. Hesabu ikitimia, mti huamka na kuchanua. Isipotimia, mti huchanganyikiwa: macho mengine huamka na mengine hubaki yamelala, maua huwa machache au hayaji kabisa. Hicho ndicho kilichoipata miti ya mama. Haikuwa migonjwa. Ilikuwa ikingoja baridi ambayo haikuja.

Methley inatufaa kwa sababu mahitaji yake ya baridi ni madogo kuliko ya plamu nyingi za Ulaya. Hata hivyo, madogo si sawa na hakuna. Ndiyo maana mtasikia plamu zikitajwa Limuru, Kinangop na Molo, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Juni hadi Agosti mtu hatoki nje bila sweta. Hamtasikia zikitajwa kule kwenye miembe.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla hujatoa pesa mfukoni, uliza maswali manne. Kuuliza si ujinga.

Kwanza, shamba langu liko juu kiasi gani? Afisa wa kilimo wa wadi atakwambia bila malipo. Kama unaishi sehemu za joto, mwache mplamu kwa wenzako wa juu, nawe uchukue mwembe au mti mwingine wa matunda unaopenda joto.

Pili, mche huu ni wa aina gani, na umepandikizwa? Plamu iliyooteshwa kwa kokwa haifuati mama yake. Unaweza kula tunda tamu leo, ukapanda kokwa lake, na miaka ikipita ukapata tunda tofauti kabisa. Mche uliopandikizwa una kovu karibu na ardhi, mahali kijiti cha aina inayojulikana kilipounganishwa na shina la chini. Usipoliona kovu hilo, uliza.

Tatu, shina la chini ni la mti gani? Vitalu vingine hutumia mpichi, na mpichi haupendi kusimama majini. Katika nchi nyingi shina linalotumika ni la mplamu-cheri wenyewe, kwa sababu mizizi yake huvumilia zaidi udongo mzito na unyevu. Kama shamba lako hutuama maji wakati wa masika, chimba mitaro kwanza au upande kwenye mwinuko.

Nne, mti huu utahitaji jirani? Methley hujichavusha wenyewe. Aina nyingi nyingine za plamu za Kijapani huhitaji mti wa aina tofauti unaochanua wakati huohuo, pamoja na nyuki wa kubeba chavua. Ukipanda mmoja peke yake, utapata maua na usipate matunda.

Niongeze onyo moja. Tuna vijana wetu walio ng'ambo, na wakirudi likizo hupenda kubeba zawadi. Tafadhali msiwaombe walete kokwa, vijiti wala miche mikobani. Kuingiza mimea nchini kunahitaji kibali cha KEPHIS, kwa kuwa kijiti kimoja kinaweza kuleta ugonjwa utakaomaliza mashamba ya jirani zako wote. Tena, mplamu-cheri huo tunaousifu umegeuka kuwa gugu katika sehemu za Australia, baada ya ndege na wanyama kusambaza kokwa zake.

Na kabla ya kutamani vya mbali, tukumbuke kwamba ukoo huu una mwenyeji hapa. Kwenye misitu yetu ya milimani, kama Mau, Aberdare na Mlima Kenya, kuna mti ambao Wakikuyu huuita muiri na Wameru huuita mweria. Jina lake la kisayansi ni Prunus africana, yaani jina la ukoo ni lilelile la plamu. Magome yake hutafutwa duniani kwa dawa za tezi dume, na kwa sababu ya kukatwa ovyo, biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu 1995. Mti huu hautupi plamu za kula, lakini hauhitaji theluji ya mtu. Mwenye nafasi mpakani mwa shamba aupande, na aliye nao asiuchune gome kuuzunguka shina lote, kwa maana hiyo ni kuuua.

Mama yangu bado yuko. Pale palipokuwa na miplamu sita pana miembe mitatu iliyopandikizwa, ambayo afisa wa nyanjani alimshauri apande, na imezaa. Nilipomwambia kwamba leo nitazungumza nanyi kuhusu plamu, alicheka, akasema, "Waambie waulize kwanza. Kuku wangu wanne hawatarudi."

Nimefikisha salamu zake. Miche ya leo ina vibandiko vinavyoonyesha aina na mwinuko unaofaa. Msome kabla ya kuchukua, na asiyeelewa amwendee afisa wa kilimo aliye kwenye meza ile.