Picha Ipo, Jina Hakuna

Tangazo la shindano la picha za mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar mmelisikia wiki hii, na zawadi zake mmezisikia, hatuna haja ya kulirudia. Linalotukera sisi ni ile fomu. Inataka mahali, inataka saa, inataka mpaka aina ya kamera. Jina la aliyepigwa picha haliulizwi.

Haliulizwi! Tangu mji huu uingizwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 tumepigwa picha mpaka paka wetu wamezoea. Tazameni vile vitabu vikubwa vya picha vinavyowekwa mezani hotelini. Muuza kahawa yumo, dele la shaba mkononi, na chini yake mara nyingi pameandikwa "mzee", basi. Mzee gani? Wa mtaa gani, mtoto wa nani? Mlango umeelezwa nakshi na njumu zake zote, mwenye kuufungua hana jina.

Na mzee huyo keshahama. Nyumba ikishageuka hoteli, baraza linapangwa vyungu vya maua asikae mtu. Dhumna imehamia Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na wachezaji wake. Bibi aliyekuwa akishona kofia ya viua mlangoni, tundu kwa tundu, wiki nenda wiki rudi kwa kofia moja, leo anashindana na kofia za mashine zinazoteremshwa kwa marobota. Tunamlaumu mjukuu kwa kutojifunza. Kofia ya bibi nani kati yetu aliinunua kwa bei yake?

Zamani picha haikuwa hivyo. Mpiga picha marehemu Ranchhod Oza alifungua studio yake, Capital Art Studio, mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaendeleza. Studio zilikuwa hivi: mtu huenda kwa miguu yake, kavaa apendavyo, na picha yake anaichukua. Ndiyo maana kwenye makabati ya wazee wetu bado zimo picha za Idi, na bibi akiishika moja atakutajia wote waliomo, na ugomvi wao juu. Za simu ziko wapi? Simu ikizama baharini na mtaa mzima umezama. Jina hakuna, picha hakuna.

Waandaaji, ongezeni mstari mmoja kwenye fomu. Mmoja tu.

Na nyinyi vijana wa Malindi, Kiponda, Vuga na Shangani, msingoje fomu! Ombeni ruhusa kwanza, na mkikataliwa shukuruni mwende zenu. Mkikubaliwa, ulizeni jina, jina la baba, mtaa, kazi. Andikeni. Safisheni nakala, mpeni mwenyewe mkononi mwake, na nyingine muipeleke ofisi ya Nyaraka pale Kilimani. Tokeni leo hii baada ya laasiri, na kwa wazee muanzie!