Duka Lisilo na Ghala na Hesabu ya Kulifunga



Mazungumzo ya leo yanahusu kufungwa kwa duka. Wanaozungumza juu ya kufungua maduka ni wengi, na baadhi yao hutoza ada kwa mazungumzo hayo. Wanaozungumza juu ya kufunga ni wachache, kwa kuwa aliyefunga hana tena cha kuuza, na mara nyingi huona haya. Hata hivyo, siku ya kufunga ndiyo siku ambayo vitabu vyote vya hesabu huwekwa mezani pamoja, pengine kwa mara ya kwanza, na mambo yaliyokuwa yakisemwa kwa matumaini hulazimika kusemwa kwa tarakimu.

Duka lenyewe ni lile dogo la kwenye intaneti ambalo halina ghala wala rafu. Mwenye duka hutengeneza tovuti, huweka picha na bei za vitu, kisha hununua matangazo ili watu wavione. Mteja akishalipa, mwenye duka huipeleka oda kwa mgavi, mara nyingi mfanyabiashara wa Shenzhen, Guangzhou au Yiwu huko China, na kumlipa bei ya chini. Mgavi hufunga kifurushi na kukituma moja kwa moja nyumbani kwa mteja, aghalabu Marekani au Ulaya. Mwenye duka haigusi mali hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo riziki yake.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam jambo hili si geni sana. Pale Kariakoo wapo mawinga. Winga hana duka. Humpata mteja barabarani, humtolea mali katika duka la mtu mwingine, na hujiwekea cha juu. Lakini winga huweza kulikunjua shati mbele ya mteja na kuukagua mshono, na mteja akirudi kesho yake na hasira zake anaijua kona ya kumkuta. Mwenye duka la mtandaoni amesimama katikati ya watu wawili ambao hajapata kuwaona, anauza kitu ambacho hajapata kukishika, na kosa la yeyote kati yao huandikwa kwa jina lake.

Biashara ya namna hii ilienea upesi kwa sababu vyombo vyake vilirahisishwa. Shopify, kampuni ya Kanada iliyoanza mwaka 2006, iliwawezesha watu wasiojua ufundi wa kompyuta kujenga duka kwa siku moja. AliExpress, ya kundi la Alibaba la China, ilianza mwaka 2010 na kuwafungulia wanunuzi wadogo wa nchi za nje mlango wa wauzaji wa China. Mwaka 2015 ikatokea Lithuania programu iliyoitwa Oberlo, ambayo iliziunganisha hizo mbili kiasi kwamba kuhamisha bidhaa kutoka soko la China hadi dukani kulihitaji kubonyeza kitufe tu. Shopify iliinunua Oberlo mwaka 2017, na mwaka 2022 ikaifunga. Maelfu waliofundishwa kazi kwa chombo hicho walilazimika kutafuta kingine, na hawakuwa na la kusema katika uamuzi huo.

Yafaa kueleza kwa nini jambo hili linawahusu walimu na watumishi hasa. Mtaji unaotakiwa ni mdogo, kazi hufanywa usiku baada ya saa za ofisi, wala hapatakiwi pango, leseni ya fremu au kijana wa kukaa dukani. Mtu wa mshahara huona kwamba hapa kuna mlango uliotengenezwa kwa kimo chake. Tena anao mshahara unaoweza kukopewa. Duka likifa mwezi wa nane, mkopo wa miaka miwili haufi pamoja nalo. Makato huendelea kuonekana katika hati ya mshahara mwezi hata mwezi, na ada ya watoto hutafutwa katika kilichobaki.

Ichukuliwe hesabu ya mfano. Duka linauza taa ndogo ya mezani kwa dola 30. Mgavi anataka dola 9 kwa taa na dola 4 kwa usafirishaji, yaani 13. Kwa mtazamo wa haraka, kila taa inaacha dola 17, na kwa taa 50 kwa mwezi hiyo ni dola 850. Hesabu hii ya dola 850 ndiyo inayoandikwa kwenye ubao wa wale wanaofundisha kwa ada.

Sasa iandikwe hesabu nzima. Mauzo ya taa 50 ni dola 1,500. Malipo kwa mgavi ni dola 650. Kampuni inayopokea malipo ya kadi hukata asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila mauzo. Hiyo ni dola 1.17 kwa taa, au dola 58.50 kwa zote. Ada ya tovuti ni dola 39. Yanabaki matangazo, na hapa ndipo mali inapolala. Ikiwa kumpata mnunuzi mmoja kwa matangazo kunagharimu dola 12, wanunuzi 50 ni dola 600. Baada ya hayo yote zimebaki dola 152.50. Kisha wateja watano kati ya hao 50 wanadai fedha zao, mmoja kwa kuwa taa imevunjika, mwingine kwa kuwa imechelewa, mwingine kwa kuwa haifanani na picha. Taa hazirudishwi China, maana nauli ya kurudisha ni kubwa kuliko thamani ya taa. Hivyo zinatoka dola 150 na taa zinabaki kwa wateja. Mwenye duka amefanya kazi mwezi mzima, usiku na Jumapili, kwa dola 2 na nusu. Mmoja wa wale watano akiwa amepitia benki yake badala ya kuandika barua, huongezwa ada ya shauri, tuseme dola 15, na faida imekuwa hasara ya dola 12.50.

Tarakimu hizi ni za mfano, na kila duka lina zake. Lakini mpangilio wake ni ule ule karibu kila mahali: mauzo ni makubwa, faida ni nyembamba kama ganda la kitunguu, na jambo dogo lolote hulichana. Gharama ya matangazo haimo mikononi mwa mwenye duka. Mwezi Aprili 2021, kampuni ya Apple ilianza kuzitaka programu zimwombe mwenye simu ruhusa kabla ya kumfuatilia. Wengi walikataa, na matangazo yaliyokuwa yakimlenga mnunuzi barabara yakaanza kurushwa kwa kubahatisha. Apple ilikuwa na haki ya kumlinda mwenye simu. Hata hivyo maduka madogo mengi yaliyoishi kwa ulengaji huo yalijikuta yanalipa zaidi kumpata mnunuzi yule yule.

Kuna hesabu ya siku pia, nayo haiandikwi kwa fedha. Mgavi hulipwa leo. Kampuni ya malipo inaweza kuzizuia fedha za mteja kwa siku kadhaa, na ikiona malalamiko yanazidi huweza kuzizuia kwa miezi. Kifurushi hukaa njiani wiki mbili, tatu au nne. Katika mwaka mpya wa Kichina viwanda hufungwa na wafanyakazi hurudi makwao, na oda za Januari au Februari hulala tu. Mteja wa Ohio hajui habari za mwaka mpya wa Kichina, wala si wajibu wake kuzijua. Yeye anajua kwamba alilipa. Huko Marekani, kanuni ya mwaka 1975 iliyotungwa kwa ajili ya biashara ya posta, na ambayo sasa inahusu intaneti pia, humtaka muuzaji atume mali katika muda alioahidi, na kama hakutaja muda basi katika siku 30. Akishindwa, lazima amtake mteja ridhaa au amrudishie fedha.

Mfano mkubwa wa hekima ya kufunga haukutoka katika duka dogo. Zappos, kampuni ya viatu iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999 na Nick Swinmurn, ilianza bila ghala. Mteja aliagiza, na kiwanda cha viatu kikatuma. Taabu ilikuwa ile ile: tovuti ilionyesha saizi ambayo mwenye kiwanda alikwisha kuiuza, viatu vilichelewa, na mteja aliilaumu Zappos. Kampuni ikajipatia ghala huko Kentucky na kuanza kuweka mali yake. Mwaka 2003, chini ya uongozi wa Tony Hsieh, ikaiacha kabisa njia ya kutumiwa na viwanda, ingawa wakati huo njia hiyo ilikuwa ikileta kiasi cha robo ya mauzo yote. Ni nadra mfanyabiashara kukata robo ya mauzo yake kwa mkono wake mwenyewe. Walifanya hivyo kwa kuwa robo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiharibu jina la robo tatu zilizobaki. Mwaka 2009 Amazon iliinunua kampuni hiyo.

Haifai kudai kwamba njia yenyewe ni ulaghai au kwamba haiwezekani. Wayfair, kampuni ya samani ya Boston iliyoanza mwaka 2002, imekuwa kubwa kwa kuuza samani ambazo nyingi hutoka moja kwa moja kwa wagavi. Lakini Wayfair ina mikataba na wagavi wake, ina mitambo ya kujua nini kimebaki katika ghala lipi, na ina nguvu ya kumwadhibu anayechelewa. Mtu mmoja aliye na simu na deni la mshahara hana hata kimoja kati ya hivyo. Mgavi anayemtumikia leo atawatumikia washindani wake ishirini kesho, kwa taa ile ile na picha ile ile.

Hata serikali za nchi za mbali zinaweza kulifunga duka hili kwa kalamu. Umoja wa Ulaya ulifuta tarehe 1 Julai 2021 msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifurushi visivyozidi euro 22. Marekani, ambayo mwaka 2016 ilipandisha kiwango cha vifurushi visivyolipiwa ushuru kutoka dola 200 hadi dola 800, iliufuta msamaha huo kwa mali ya China na Hong Kong tarehe 2 Mei 2025, na kwa nchi nyingine tarehe 29 Agosti mwaka huo huo. Taa ile ya dola 9 ikawa na ushuru juu yake. Mwenye faida ya dola 2 na nusu kwa mwezi hahitaji kuelezwa maana ya habari hiyo.

Basi duka hufungwaje? Wengi huliacha tu. Huacha kuingia kwenye tovuti, barua za wateja hazijibiwi, na ada za programu ndogo ndogo huendelea kukatwa kwenye kadi mpaka kadi iishe muda. Huku si kufunga, ni kutoroka, na mtumishi wa umma anayetoroka madeni ya wateja ameanza tabia ambayo haitakaa dukani peke yake.

Kufunga kwa heshima huanza na matangazo. Husimamishwa kwanza, kabla ya jambo lingine lolote, ili asiingie mteja mpya katika nyumba inayohamwa. Kisha tovuti huzuiwa kupokea oda, lakini huachwa wazi ili waliolipa waone taarifa. Oda zilizo njiani hufuatiliwa moja moja. Zile ambazo mgavi hajazituma hufutwa na fedha kurudishwa siku hiyo hiyo, bila kumngoja mteja adai. Hapa ndipo panapohitajika akiba, kwa maana wateja wa kadi huweza kuleta madai yao kupitia benki kwa muda wa hadi siku 120. Aliyeitoa salio yote benki siku ya kufunga atadaiwa mwezi wa tatu baadaye, akiwa amekwisha kuzitumia.

Orodha ya wateja nayo ina mitego yake. Majina, simu na anwani za watu walionunua taa huweza kupata mnunuzi, na mwenye kufunga kwa hasara huona kwamba hicho ndicho kitu pekee cha thamani kilichosalia. Si chake. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, na nchi za Ulaya zina yao iliyo kali zaidi. Hesabu za mauzo na kodi huhifadhiwa; taarifa nyingine za wateja hufutwa.

Mwisho ni jina la duka katika intaneti. Jina hilo hulipiwa kwa mwaka, na mwenye kufunga huliona ni gharama ya bure. Lakini likiachwa, mtu mwingine huweza kulinunua, kujenga tovuti inayofanana, na kupokea fedha za wateja wa zamani wanaolikumbuka, huku malalamiko yakimfuata mwenye jina la kwanza. Ada yake ni kiasi cha dola 10 hadi 20 kwa mwaka. Ilipwe mwaka mmoja zaidi, na anwani ya barua ya duka ibaki inasomwa na kujibiwa muda huo wote.