Motokaa Isiyotaka Kuwaka Alfajiri



Chukueni mfano wa dereva wa pikapu katika mji wa Homa Bay. Saa 11 alfajiri amekwisha kupakia masanduku ya mbuta na ngege kutoka ufuoni, na barafu imeanza kuyeyuka. Njia yake ni ya Rodi Kopany hadi Rongo, kisha aishike barabara kuu, apite Awendo mpaka sokoni Migori. Azungusha ufunguo, injini yaguna mara mbili, kisha kimya. Vijana wasukuma, gari lawaka, nao wapewa fedha ya chai. Kesho yake mambo ni yale yale. Siku ya tatu dereva achukua fedha alizokuwa ameziweka kwa karo ya mtoto, anunua betri mpya. Baada ya juma moja gari lakataa tena, na samaki waharibika.

Dereva huyo hakuwa mzembe. Alinunua dawa kabla ya kuujua ugonjwa, kama wafanyavyo wengi, na yafaa ielezwe jinsi ambavyo angeweza kuujua bila kutoa hata senti moja.

Kazi ya kwanza ni ya masikio. Iwapo injini yazunguka kwa uzito, au yatoa mlio mdogo tu, au hainyamui kabisa, shida i katika umeme wa kuizungusha. Lakini iwapo yazunguka kwa nguvu zake zote, ila haishiki moto, basi betri na stata hazina hatia, na anayezibadilisha anatupa mali yake.

Tuanze na hilo la kwanza, maana ndilo linalowasumbua wengi. Mwenye gari na awashe taa kubwa za mbele, kisha ajaribu kuwasha injini huku mtu mwingine akizitazama. Taa zikififia sana au kuzimika, betri imeishiwa, au umeme unazuiliwa mahali. Taa zikibaki vile vile na injini isitikisike, kosa huenda likawa katika stata yenyewe au nyaya zake. Na katika gari la otomatiki, kabla ya kumwita fundi, itazamwe kama gia iko mahali pake pa kusimamia. Mafundi wamewahi kuitwa mbali kwa sababu hiyo tu.

Mwenye mita ya umeme hujua zaidi. Betri iliyojaa, gari likiwa limelala usiku kucha, huonyesha kama volti 12.6. Ikionyesha 12.0, karibu imekwisha. Injini ikiwa inanguruma, mita yapasa ionyeshe kati ya 13.8 na 14.7 hivi, isipofika hapo, alteneta haiirudishii betri umeme wake, na betri mpya nayo itakufa kama ile ya zamani. Joto la pwani ya ziwa, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, hupunguza umri wa betri. Kwa hiyo betri zenye vifuniko zikaguliwe maji mara kwa mara, na ziongezwe maji safi ya betri, wala si ya ziwa au ya kisima.

Hata hivyo betri nzima yaweza kufungiwa njia. Vichwa vyake viwili huota unga mweupe au wa kijani, na umeme hushindwa kupita. Injini ikiwa imezimwa, ufunguliwe kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya. Vichwa vioshwe kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa magadi, yale yale ya kupikia mboga, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri. Visuguliwe, vikaushwe, na waya wa hasi urudishwe wa mwisho. Sigara na moto viwe mbali, kwa kuwa betri hutoa hewa inayolipuka, na maji yake makali hupofusha macho.

Sasa gari linalozunguka vizuri lakini haliwaki. Hilo limekosa mafuta au cheche. Katika magari mengi ya petroli ya siku hizi, ufunguo ukifunguliwa bila kuzungusha stata, pampu husikika ikivuma kwa sekunde chache upande wa tanki. Isiposikika, itazamwe fyuzi yake kwanza. Ikisikika, zikaguliwe chujio na plagi. Gari la dizeli lisubiriwe mpaka taa ya kupashia moto izimike, na chujio lake litolewe maji, hasa kama mafuta yalinunuliwa kwenye madebe kando ya barabara.

Wala stata isishikiliwe zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Ipumzishwe, la sivyo itaungua. Zamani injini zilizungushwa kwa hendeli ya chuma, iliyoweza kurudi nyuma na kuvunja mkono. Charles Kettering wa Marekani alibuni stata ya umeme iliyowekwa katika motokaa za Cadillac za mwaka 1912. Wanaosukuma magari ya otomatiki wajue kwamba wanatoa jasho bure, kwa kuwa kwa kawaida hayawaki kwa njia hiyo.

Ama yule dereva wa samaki, fundi mmoja wa chini ya mti pale Migori hakuigusa betri. Alilala chini ya gari, akaufuata waya mnene unaotoka upande wa hasi hadi unapofungwa kwenye mwili wa gari, akakuta nati imelegea na kuliwa na kutu. Aliisugua kwa msasa, akaikaza. Injini iliwaka mara moja. Betri ya zamani, iliyokuwa imetupwa nyuma ya nyumba, ilipochajiwa usiku kucha na kupimwa asubuhi, mita ilionyesha volti 12.5.